Kadi ya Bi Zaina wa Hale

Jana usiku niliota nimeitwa kazini redioni. Kila kitu kilikuwa kama kawaida, isipokuwa maikrofoni ilikuwa imevaa tai.

"Mhina," ikaniambia, "kuna kadi hukuisoma."

Niliijua. Mwaka tisini na nane nilikuwa natangaza salamu. Niliishia darasa la tano, lakini kusoma majina ya watu hakuhitaji zaidi ya hapo. Siku moja saa sita mchana meneja akaingia, akasema salamu basi, kuanzia sasa ni taarabu tupu. Kadi iliyokuwa mkononi nikaitupa kwenye gunia. Ilitoka kwa Bi Zaina wa Hale, akimsalimu mwanawe Twalibu, popote alipo. Kijana alitoroka nyumbani baada ya kupoteza ng'ombe. Ujumbe: ng'ombe amepatikana, rudi.

"Isome," maikrofoni inasema. "Una dakika moja kabla hatujabadilisha vipindi."

Nafungua mdomo. Studio inakuwa ukumbi wa harusi.

"Hapa hatusemi, tunaimba!" shangazi mmoja ananifokea.

Naimba, "Twalibuuu..." Ananiziba mdomo kwa kanga. "Toka huko! Sauti kama bawaba!"

Ukumbi unageuka mkutano wa mahubiri. Nikisema neno, watu wote wanaitikia amina kabla sijalimaliza. Nakimbilia mlango, natokea katikati ya uwanja wa mpira. Mwamuzi anapuliza kipenga.

"Umeotea," ananiambia.

"Mimi nasoma kadi tu!"

"Ndiyo. Umeisomea upande usio wako."

Mara nimekaa mezani tena, studio. Kulia kwangu mchambuzi ni birika. Saa ya ukutani inatokwa jasho, na mimi pia.

"Sasa ni maongezi tupu," maikrofoni inasema. "Sheria ni moja. Hakuna habari bila upande wa pili."

"Upande wa pili wa nani?"

"Wa ng'ombe."

Simu inalia. Ng'ombe yuko hewani.

"Mhina, habari za siku nyingi. Ni kweli, nilipatikana. Nilikuwa Mombo kwa shemeji yake Zaina, nakula zangu majani. Yule kijana mlimwonea bure."

"Kwa hiyo naweza kusoma?"

"Unaniuliza mimi? Ulipoitupa uliniuliza?"

Birika linasema hoja hiyo ni nzito.

Zimebaki sekunde nne. Naisoma kadi yote kwa pumzi moja, jina la mama, jina la mtoto, ng'ombe, rudi. Taa nyekundu inazimika.

"Nilikuwa hewani?" nauliza.

Maikrofoni inavua tai, inaikunja.

Nikaamka, shati limelowa. Mke wangu alikuwa amelala fofofo. Gunia lile lilichomwa zamani, mimi mwenyewe niliona moshi wake. Nikachukua simu kuangalia saa. Palikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua, umeingia dakika mbili tu zilizopita.

"Ng'ombe alipatikana lini?"