Wa Kumpigia Kelele

Tope lilitufika magotini. Chifu Ongeri alikuwa juu ya ukingo wa kijito, viatu vikavu, askari wake wawili nyuma yake.

"Nani amewapa kibali cha mkutano?"

Majembe yaliendelea. Mong'ina, mkubwa wetu kwa umri, alitema mate kando. "Mkutano gani, chifu? Umesikia mtu akihutubia hapa? Hii ni egesangio. Tunalimiana kwa zamu tangu enzi za mama zetu. Leo tunalima barabara."

Mokeira binti yangu, nakuandikia haya kwa sababu juzi ulisema mambo ya katiba ni ya mawakili. Sisi pia tulisema hivyo.

Wakati wa Uhuru, katiba iliyapa majimbo na kanseli, yale mabaraza ya madiwani, meno yao wenyewe. Barabara yetu, ile inayoshuka kijitoni na kupanda kwenda Keroka, ilikuwa ya kanseli. Miti ya daraja ilipoanza kuoza, tulikwenda kwa Diwani Ombui na majembe begani, tukaketi kwenye nyasi za uwanja wake, tukamwimbia majina mabaya mpaka mkewe akaona haya. Kura zetu ndizo zilizomweka. Wiki hiyo hiyo lori la mawe likaja.

Kisha Nairobi wakaanza kuikata ile katiba, kipande baada ya kipande. Majimbo yakafa. Mwalimu Manasseh alipotusomea gazeti nje ya kanisa, Mong'ina aliuliza, "Katiba ni mboga gani hiyo?" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mwaka wa sabini, barabara, shule na zahanati zikatolewa kanseli, zikapelekwa serikali kuu. Hatukusikia. Tulikuwa tunachuma chai.

Tulisikia daraja liliposombwa. Lori la kiwanda lilikataa kushuka, na majani ya chai hayangoji mtu: yaliyochumwa asubuhi, kesho yake yameungua kikapuni, mekundu, yananuka. Kwa mazoea tukaenda kwa Ombui. Tukaimba. Akatoka na ndala zake, mikono mitupu.

"Imbeni tu, mama zangu. Barabara si yangu tena. Ni ya Nairobi."

"Na Nairobi iko kwa nani hapa?"

"Kwa chifu."

Chifu hatukumpigia kura. Nyimbo zetu zingemfanya nini?

Zamu ya wiki ile ilikuwa yangu. Mahindi yangu yalikuwa yamemezwa na magugu, lakini niliwaambia wenzangu wayaache, nikawapeleka kijitoni. Tukaangusha mikaratusi, tukapanga mawe.

Egesangio haina mwenyekiti. Mwenye shamba la siku ndiye anayeamuru. Ongeri ni Mkisii kama sisi. Alijua pa kushika.

"Basi shamba la leo ni la nani?"

Majembe yakasimama. Joash, ndugu yako, alikuwa mgongoni mwangu, hata kukaa hajajua. Mahabusu ya kambi ya chifu niliijua: sakafu ya maji na baridi ya kuua mtoto. Moyo ulinipiga mpaka naye akaamka.

"Ni langu," nikasema.

"Wewe, Mama Mokeira? Na mtoto mgongoni?"

"Na mtoto mgongoni."

Askari waliponipandisha kilima kwenda kambini, nyuma yangu majembe yakaanza tena.

Sikiliza, binti yangu. Wakija kukuambia katiba inarekebishwa, usiulize kama maneno yake ni matamu. Uliza: daraja likivunjika nitampigia nani kelele, na akiziba masikio nitamtoaje? Wakikosa jibu, kataa. Kataa hata kama umesimama peke yako. Aliyekunyang'anya mtu wa kumlaumu amekunyang'anya na barabara, na chai, na shule. Ni vile tu hujaona bado.

Kesho yake lori lilipita likinguruma, limejaa majani, ya chifu yakiwemo. Jioni chifu alifungua mlango wa mahabusu yeye mwenyewe. Joash alikuwa anakohoa.

"Nimekusamehe," akasema. "Utarudia?"

Nikamkaza mtoto mgongoni.

"Daraja likivunjika."