Damu ya Gona Nzai

Mwaka 1987 Hindu Muhidin alikuwa na sifa mbili: hakuna aliyemshinda kwa elimu ya jeni katika ile maabara ndogo ya Kilifi, na hakuna aliyemshinda kwa haraka. Elimu ilimpa kazi. Haraka ilikaribia kuivunja nyumba ya watu.

Alikuwa akichunguza selimundu, maradhi ya damu ambayo mtoto huyapata akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi kwa mmoja tu haugui, na hata malaria haimwezi kirahisi. Basi Hindu alizunguka kijiji cha Jilore akikusanya damu za watu watatu watatu: baba, mama na mtoto. Kila alikofika alitandaza punje za mahindi mkekani, nyeupe kwa jeni nzima na nyekundu kwa jeni mbovu, akawafundisha watu: “Mtoto hupewa punje moja na mamake, moja na babake. Nyekundu haitoki hewani.” Wakaelewa upesi, wakapenda, wakamtaka arudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwasomea majibu mbele ya wote. Akakubali.

Kazi ya maabara ilikuwa hivi: tone la damu huwekwa kwenye karatasi maalumu, umeme ukapitishwa, na damu ikajichora mistari. Asiye na jeni mbovu hutoa mstari mmoja. Aliye nayo moja hutoa miwili. Mtoto wa Sidi, bonge la miezi minane, alitoa miwili. Sidi mwenyewe, mmoja. Mumewe Sidi, Gona Nzai, naye mmoja.

Moyo ukamlipuka Hindu. Nyekundu ya mtoto imetoka wapi? Akarudia kipimo. Akarudia tena. Yaleyale. Na Jumamosi hiyo inakuja, na Jilore nzima inajua hesabu ya punje, tena kwa kufundishwa na yeye!

“Yarabi, Sidi,” akanong'ona, “umefanya nini?”

Kwamba huenda aliyefanya jambo ni yeye mwenyewe, hilo halikumpitia kichwani. Wasomi ndio walivyo.

Alhamisi akaenda Jilore na sindano moja na uongo mmoja, kwamba chupa ya damu ya Gona ilivunjika. Sidi akamkaribisha kwa maji ya kunywa. Hindu akayanywa huku akitazama kuku.

“Namtaka Gona Nzai,” akasema.

“Ni mino, ni mimi!” Mzee wa miaka sabini na ushei akatoka ndani, mkono wa shati ameshaupandisha. “Leo utoe huu wa kushoto. Ule wa siku ile bado waniuma.”

Hindu akaduwaa. “Shikamoo, babu. Kwani siku ile ulitolewa damu wewe?”

“Marahaba. Nilisikia naitwa. Mtu wa serikali akikuita, utajificha?”

“Na mumewe Sidi je?”

“Huyo alikuwa juu ya mnazi, agema.” Mzee akamkazia macho. “Naye ni Gona Nzai. Mimi nilimzaa Nzai, Nzai akamzaa yeye, akampa jina langu. Ulitaka amwite nani?”

Hindu akaikumbuka siku ile: nesi akidunga sindano, yeye ameinamia daftari, anaita majina na kupiga alama, asiinue kichwa hata mara moja. Miaka minne amefanya kazi na Wagiriama, anajua fika kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na bado! Akacheka mpaka akakaa mchangani. Mzee naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Gona kijana akaitwa kutoka minazini, akatoa mkono.

Ijumaa asubuhi karatasi ikaonyesha mistari miwili, mizito, mizuri. Hindu akapiga vigelegele peke yake mle maabarani, hata mlinzi akaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Jumamosi akasoma majibu. Mtoto wa Sidi hana ugonjwa, na ile punje moja nyekundu kaipata kwa babake. Gona akamrusha mwanawe juu, akamdaka, akamrusha tena. Mzee alinuna kidogo kuambiwa kwamba yeye hana hata moja.

Watu walipokaa kula, Sidi akamfuata Hindu pembeni.

“Dada, ile chupa haikuvunjika.”

“Haikuvunjika.”

“Nilijua. Ulikunywa maji yangu usiniangalie usoni.”

Uso ukamwaka Hindu kwa haya. Wakati wote ule alikuwa amemhukumu mwanamke huyu moyoni, bila hata kumuuliza neno. “Nisamehe, Sidi. Kosa lilikuwa langu, nikakutwika wewe.”

Sidi akamtia Hindu yule bonge mikononi, na mtoto akamkamata pua.

“Mimi babake nilimjua bila mashine,” akasema Sidi, akacheka, akaenda kumpakulia wali.