Gunzi na Mafuta ya Njano

Wewe uliyekaa hapo, nina kitendawili chako. Nimepanda maharage yangu pasipo na shamba, sikuyapalilia, hayaliwi, na kila mpita njia anayahesabu. Ni nini hicho?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar es Salaam sitaki, joto lake silijui. Nipe Mbeya. Haya, nimekwenda Mbeya, nimekula viazi kwa maziwa ya mgando, nimelala nimejifunika mablanketi mawili na baridi bado ikanipata, nimerudi. Jibu ni chunusi. Chunusi za usoni.

Ukicheka, cheka taratibu, maana mwenye maharage hayo hakucheka. Jina lake lilikuwa Ikupa, binti wa miaka kumi na saba, na kwao kulikuwa juu ya milima ya Mbeya, kule ambako asubuhi za mwezi wa sita majani huamka meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Ilikuwa miaka ile ya hamsini na kitu, kabla ya uhuru. Mama yake alikufa angali mdogo, akalelewa na shangazi yake Sekela, dada wa baba, mama mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye akimwita ng'ombe ng'ambo ya bonde, ng'ombe wa jirani nao huitika.

Mwaka huo usharika wao ulipata nafasi ya msichana mmoja kwenda kusomea uuguzi kwenye hospitali ya misheni upande wa Iringa, mbele ya mji, njia ya kwendea Ilula. Mmoja tu. Nafasi ile ilikwenda kwa zamu: mwaka huu kwao, mwaka ujao kwa wengine, na hata zamu ije irudi kwao, Ikupa angekuwa amepita umri wa kupokelewa. Jina lililosomwa kanisani lilikuwa lake. Na nani angeshangaa? Tangu yuko darasa la pili alikuwa akishinda zahanati, akimshikia taa dresa Asukile, yule mhudumu wa dawa, akichemsha maji, akikunja bandeji zilizofuliwa. Watoto wakijikata panga walikuwa wanapelekwa kwake kwanza. Wenzake walimwita nesi kwa utani, naye aliitika bila utani.

Baada ya ibada Mchungaji Isakwisa alimweleza kwamba akifika kule watampima macho, meno, kifua na ngozi. Wanataka binti mwenye mwili safi, alisema, kisha akageuka kusalimiana na wazee. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Ikupa alirudi nyumbani mkono uko shavuni.

Chunusi zake zilikuwa za kawaida, ungeziona wewe usingezitaja. Zilimkaa kwenye paji la uso na mashavuni, zingine na vichwa vyeupe, zingine ngumu chini kwa chini. Kisimani wasichana walisema mwenye chunusi anamwota mume, wakamwuliza mume wake amefika wapi, ameshavuka mto au bado. Alizoea. Ni lile neno la mchungaji ambalo hakulizoea. Mwili safi.

Na ujue, ngozi ya Ikupa tangu utoto haikutaka mchezo. Sabuni ya mche ikikaa kidogo, vipele. Blanketi jipya, vipele. Jua la kuvunia viazi lilimbabua pua hata na ushungi kichwani. Shangazi Sekela alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na ngozi ya kuazima, ipo siku mwenyewe atakuja kuidai.

Basi akaenda kwa dresa Asukile. Dresa alimtazama, akamwambia mambo yale yatakwisha yenyewe akikua. Alipoona binti hatoki mlangoni, akampa kikopo kidogo cha mafuta ya njano yenye harufu ya kiberiti. Akamwonya: chukua kiasi cha punje ya mtama, paka juu ya chunusi tu, jioni, na unawe kabla ya kulala. Ngozi yako naijua. Ikianza kuwaka, acha, uje uniambie. Ikupa alishika kila neno, na nyumbani alilirudia kila neno.

Shangazi alifungua kikopo, akanusa, uso ukamfunguka. Mafuta haya si ndiyo yale ya upele? Aliyajua kuliko anavyomjua mumewe. Upele ulipoingia kwa watoto wa kaka zake, yeye ndiye aliyeufukuza, na njia yake ilikuwa moja: unachukua gunzi la mahindi, unasugua ngozi mpaka vidonda vifunguke midomo, unapaka mafuta kwa wingi, na mtoto haogi mpaka siku ya tatu. Watoto walilia mpaka sauti zikakauka, na upele ukaondoka. Nani angebisha? Watoto wenyewe wapo, wazima, wana ngozi kama kahawa iliyoiva.

"Dresa amesema kiasi cha mtama," Ikupa alisema.

"Dresa anabania dawa ya serikali, mwanangu. Mtama! Wewe unakwenda kupimwa au unakwenda kulisha kuku?"

"Amesema ikiwaka niache."

"Isiyowaka hiyo ni samli. Kaa hapa."

Ikupa akakaa. Ni shangazi aliyemlea, aliyemnyima mtoto wake mwenyewe sketi ili yeye apate sare. Akafumba macho, gunzi likapita.

Mafuta yalipoingia, mwanzo hakusikia kitu ila ubaridi. Kisha ukaja mwasho, kama wadudu wadogo wanaotafuta njia. Kisha moto. Alikwenda mbali na jiko akidhani ni joto la jiko, moto ukamfuata. Alitaka maji. Shangazi alimkamata mikono yote miwili akamwimbia, kama alivyomwimbia alipokuwa anaota meno, na Ikupa akavumilia, kwa sababu alifikiri vidonda vya watu atakavyoviosha kule Iringa vitauma kuliko hivi, na nesi anayekimbia maumivu yake atasimamaje kwenye ya wengine?

Siku ya tatu aliponawa, chunusi mbili tatu za shavu la kushoto zilikuwa zimenywea. Kweli kabisa, zilinywea. Laiti zisingenywea. Shangazi alimgeuza kwenye mwanga wa mlango, akapiga vigelegele vya chini kwa chini, na jioni ile akapaka uso mzima, paji mpaka kidevu, mara mbili ya kiasi cha kwanza.

Baada ya hapo ngozi ilikaza kama ya ngoma iliyoanikwa. Akila, mdomo ulipasuka pembeni. Upepo wa kipupwe ukimpiga, alihisi anakwanguliwa kwa kisu. Magamba yakaanza kutoka, chini yake nyama mbichi, na ile nyama ikatoa maji ya njano yaliyogandia kwenye mto wa kulalia. Alisema aende kwa dresa. Shangazi akamwambia uchafu ndio unatoka, na zaidi ya hapo, akienda, dresa atampelekea habari mchungaji kwamba binti ni mgonjwa, na mchungaji ana majina ya mabinti wengine tayari kwenye mdomo wake. Hilo la pili ndilo lililomfunga Ikupa. Akajifunga kitambaa usoni, akamwepuka dresa Asukile njiani.

Jumapili ya kumuaga walimwimbia. Kinamama walileta kitenge, kuku, sufuria mpya, shuka lililotariziwa pembeni maneno Mungu Akutunze. Yeye hakuweza kuimba, maana kinywa hakikufunguka, na watu wakasema analia kwa kuondoka. Mchungaji aliweka mkono juu ya kitambaa chake, akamwombea.

Safari ya Iringa walikwenda pamoja, yeye na shangazi. Ndani ya basi vumbi liliingia chini ya kitambaa, likashikana na maji ya vidonda, na penye mapumziko ya Makambako ikabidi akifungue apumue. Mama aliyekaa kando yake alimtazama mara moja tu, akamhamisha mtoto kutoka paja hili kwenda paja lile. Halafu akahama kiti. Kondakta alikuja, akasimama mbali kidogo, akamwuliza shangazi kwa sauti ya kila mtu kusikia kama hospitali wanayokwenda ni ile ya wakoma, kwa sababu ya wakoma basi hili halifiki. Shangazi alimjibu kwamba ukoma uko kwenye ulimi wake. Abiria wakacheka. Lakini kile kiti hakuna aliyekirudia mpaka Iringa, na Ikupa alisafiri na nafasi ya mtu mmoja ubavuni mwake.

Hospitalini walisalimiwa kamwene, salamu ya Kihehe, nao hawakujua kujibu, wakasema ndaga ya kwao, wakachekwa kwa wema. Aliyewapokea alikuwa nesi wa Kihehe, Tekla, mwanamke wa makamo mwenye kofia nyeupe na viatu visivyo na sauti. Alimkalisha Ikupa kwenye benchi pamoja na wasichana wengine waliokuja kupimwa. Macho yake, mazuri. Meno, mazuri. Kifua, safi. Daktari mzungu alipofika usoni, alikishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, akauliza neno, Tekla akalitafsiri: umepaka nini? Ikupa akaeleza. Alieleza yote, na gunzi pia. Daktari alinawa mikono, akasema maneno mengi kwa upole, na upole ule ndio uliomwambia Ikupa kabla ya tafsiri.

Tekla alisema: uso wenye vidonda vinavyotoa maji hauwezi kuingia wodi ya wazazi na ya waliopasuliwa. Masomo yanaanza kesho kutwa. Ngozi kama hii itahitaji miezi, na yako ni ngozi ya namna ya peke yake, pengine zaidi. Watampa dawa ya kutuliza. Watamwandikia mchungaji kwamba nafasi imepita.

"Ningekuja na chunusi zangu tu," Ikupa aliuliza, "mngenichukua?"

Tekla alifungua mdomo, akamwona shangazi amesimama mlangoni na ile sufuria mpya mkononi, akaufunga. Alimwambia Ikupa akachukue dawa dirisha la pili. Aliporudi na dawa aliwakuta wawili wale barazani, Tekla anasema neno taratibu, na shangazi Sekela, mama wa sauti nene, anakaa chini kwenye ngazi.

Kwenye basi la kurudi Ikupa alimwuliza amesema nini yule nesi. Shangazi alimpa muhogo wa kuchemsha. Walipofika Sao Hill akamwuliza tena: "Shangazi, wangenichukua?" Shangazi alionyesha ng'ombe wa mzungu nje ya dirisha, akasema tazama matiti yale, hayo ni maziwa ya kijiji kizima. Ikupa hakuuliza mara ya tatu.

Kijijini hakuna aliyemsema. Afadhali wangemsema. Kinamama walikataa kurudishiwa vitu vyao, wakatazama pembeni, na lile shuka likakaa kwenye sanduku. Dresa Asukile alipomwona aliuliza tu kwa nini hakuja. Zahanati alimkaribisha kama zamani, lakini mgonjwa wa kwanza aliyemwona akaomba aoshwe na dresa mwenyewe, na wa pili naye hivyo hivyo. Siku iliyofuata Ikupa hakwenda, wala iliyofuata hiyo.

Vidonda vilikauka polepole, vikaacha mabaka, mengine meusi, mengine meupe kama yaliyopakwa majivu. Na mvua za kwanza ziliponyesha, alipitisha vidole usoni asubuhi akasikia kitu kwenye paji la uso, kigumu, chini kwa chini. Kisha kingine. Chunusi zilirudi zikakaa katikati ya mabaka, mahali pale pale.

Kazi iliyokuwapo ilikuwa kibarua cha kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu, maua meupe yenye macho ya njano, yanayokaushwa yakawa dawa ya wadudu. Wengine walichuma wakiimba. Mikono ya Ikupa ilianza kuwasha siku ya kwanza, ikavimba siku chache baadaye, na nyapara akamwambia atazoea, wote huzoea. Hakuzoea. Alijifunga vitambaa vidoleni akaendelea, maana kulikuwa na nini kingine?

Shangazi alichuma mstari wa pembeni yake. Tangu Iringa sauti yake ilikuwa imepungua, hata ng'ombe walichelewa kumsikia. Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye viuno vya wachumaji, na wengine wote walikuwa mbele. Ikupa alisimama akajikuna mkono mpaka kitambaa kikatoka damu. Akakifungua, akakigeuza upande mkavu, akajifunga tena vizuri, kwa fundo la bandeji, lile la dresa.

Shangazi Sekela alikuwa akiyatazama yale mafundo. Akaweka kapu chini.

"Yule nesi alinivulia kofia," alisema. "Akanionyesha paji lake la uso, lina makovu kama njia ya mbuzi. Akasema na yeye alikuja na chunusi vile vile, na kila mwaka nusu ya benchi lile huja nazo."

Ikupa hakugeuka.

"Wangekuchukua, mwanangu."