Wageni Wakishafika Wote

Usingizi wa usiku wa jana haukunipumzisha hata chembe. Niliota nimesimama langoni mwa uwanja wa shule ya Namtamba, kwenye tamasha letu la maigizo la kimataifa, nakaribisha wageni, na wageni hawaishi.

Nasema tamasha letu kwa mazoea tu. Linafanyika kijijini kwetu, maji yake tunayateka sisi, wageni wanalala kwenye vitanda vyetu na sisi tunalala kwenye mikeka, kwa hiyo ni letu. Kikundi chetu cha kina mama kina mchezo wake. Aliutunga marehemu Esha, mtani wangu, na masika haya amekufa kabla haujaonwa na mgeni hata mmoja. Kila tamasha tunaambiwa mtacheza, na kila tamasha tunaishia kupiga ngoma langoni. Safari hii mratibu, Chilumba, mtoto wa kaka yangu ambaye nimembeba mgongoni hapa hapa kijijini, alinitazama usoni akaniambia, "Shangazi, mwaka huu ni wenu. Wageni wakishafika wote, nyie mnapanda jukwaani."

Basi ndotoni tunangoja wafike wote. Tumevaa kanga mpya alizotugawia Chilumba, zimeandikwa KARIBUNI kubwa kubwa, na tunapiga ngoma. Wanakuja watu wa nchi ninazozijua, halafu wa nchi ninazozisikia redioni, halafu wa nchi ambazo bado hazijaundwa. Hawa wa mwisho wamebeba udongo wao kwenye mabegi, wanasema wakipata mahali pazuri wataumwaga waanze nchi. Tukawapigia vigelegele kama wengine.

Mzungu mmoja mwenye kofia ya ukili akapita langoni, akapita tena, akapita tena. Nikamuuliza kama ameshafika au bado. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa kwamba yeye kufika anakupenda sana, kukaa ndiko kunakomshinda.

Nikamtafuta Chilumba. Nikamkuta amesimama juu ya meza, kipaza sauti kimeota mkononi mwake pale penye vidole, na kila anachosema kinakwenda kutafsiriwa kisha kinarudi kimepungua. Nikamuuliza, je, wameshafika wote? Akasema kuna kundi moja liko njiani. Nikamuuliza la wapi. Akasema hawajui, ndiyo maana wanalingoja. Ngoma kwapani mwangu ikanong'ona kwamba imechoka. Sikuijibu, maana hata mimi nilichoka na hakuna aliyeniuliza.

Nikaona bora nikae. Viti vya tamasha ni vile viti vyekundu vya plastiki vya chama chetu cha kuzikana, wameviazima, na maishani mwao havijawahi kutoka kwenda popote ila msibani. Nilipokishika kimoja kikaniuliza taratibu, kwa adabu zake, "Nani amefariki?"

Nikakiambia hajafa mtu, hili ni tamasha.

"Sawa," kikasema. "Maiti inatoka saa ngapi?"

Nikatazama mbele. Kila mgeni anayekaa anaanza kulia, na hajui analilia nini. Wengine wanaulizana rambirambi inapokelewa wapi. Chilumba akatangaza kwamba watazamaji wameguswa sana, na wakati huo onyesho halijaanza. Nami nikataka kukaa, kiti kikasogea pembeni. Kikaniuliza kama nimekuja au ni mtu wa hapa. Nikasema mimi ni mwenyeji. Kikaniambia basi nikae chini, kwa sababu mfiwa hakai kwenye kiti. Nikakaa mchangani na kanga yangu mpya.

Nilikaa pale mpaka hasira ikanipanda kichwani. Nikanyanyuka nikaenda jukwaani kwa miguu yangu. Kumbe jukwaa lina mlango, na mlango wenyewe ni wa nyumba yangu, ule uliozibwa kwa bati la debe la mafuta. Ndani nasikia wageni wanaigiza, wanacheka, wanaanguka, wanainuka. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Mtu mmoja humo ndani akairudia, "Hodi," kwa madaha kabisa, na wenzake wakampigia makofi. Nikapiga ya tatu, kimya. Sasa kwetu, hodi tatu zisipoitikiwa unageuza zako unaondoka, huna wa kumlaumu. Lakini mlango wangu mwenyewe jamani, niondoke niende wapi? Nikaushika bawaba nikauambia, mimi si ndiye Somoe, au umenisahau?

"Nakujua vizuri, mama," mlango ukasema. "Ila humu ndani hawana hata karibu moja. Zote unazo wewe. Umezivaa."

Nikajitazama. Kweli, nimezivaa.

Chilumba akaja mbio, akaniwekea mkono begani, ule wa kipaza sauti, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia bega langu linavyolia. "Shangazi, usinielewe vibaya," akasema. "Nyie ni wenyeji. Mwenyeji haendi kwenye tamasha. Tamasha ndilo linamjia yeye."

"Na mchezo wa Esha?"

"Huo tumeutafutia mahali pazuri sana."

Hapo hapo uwanja ukawa makaburini. Hakuna aliyeshangaa. Mahali pazuri sana palikuwa shimo chini ya mkorosho, limechimbwa likachongwa vizuri, na mchezo wa Esha unaletwa mabegani umefungwa sanda. Ni mwepesi, maskini. Mkono wa gauni la bluu unaning'inia nje ya sanda, gauni ambalo Esha alijishonea kwa ajili ya kucheza yule mjane. Maana mchezo wenyewe ni wa mjane anayewapikia ndugu wa mume, na wao huku nyuma wanagawana vyombo vyake.

Viti vyote vikasema pamoja, "Tulijua tu." Kisha kile kilichonikatalia kukaa kikauliza, "Mtani wa marehemu yuko wapi?"

Mtani ni mimi. Na kwetu mtani hapigi hodi msibani. Anaingia anavyotaka, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na maneno yake mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Akiamua anashuka kaburini analala, na hazikwi mtu mpaka mtani apewe kitu atoke. Nikaifungua ile kanga ya KARIBUNI, nikaiacha juu ya kiti, nikashuka shimoni nikajinyoosha.

"Hamziki," nikawaambia.

Chilumba akainama. "Shangazi, toka. Watu wanatazama."

"Si ndicho walichokuja kufanya."

Nikaanza. Gauni la bluu limo mwilini mwangu, sijui nililivaaje nimelala. Nikatoa sauti ya Esha, ile ya kukwaruza, na maneno yake ya kufungulia kila jambo, hata kuomba chumvi: "Kwanza kabla ya kwanza." Nikawa mjane, nikawa mashemeji, nikawa mashemeji wote kwa mpigo. Nilipofika pale mjane anaulizwa sufuria kubwa liko wapi, naye anajibu liko mekoni linawapikia nyie, uchungu ukanijaa kifuani na sikuwa naigiza tena. Nikamlilia Esha, aliyejifunza maneno yale yote huku anakohoa, na kila gari likipita anachungulia dirishani kama ni wageni wa tamasha. Nikawaambia wale waliosimama juu yangu, mmekula, mmelala, mmepiga picha, na mwenzangu amekufa anawangoja nyie.

Wakapiga makofi.

Nikawaambia waache. Wakazidisha. Mwenye kofia ya ukili akafuta machozi akasema tangu aanze kufika hajaona kitu cha asili namna hii.

Chilumba akalala kifudifudi ukingoni, uso wake ukawa karibu na wangu. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. "Shangazi, wameipenda," akanong'ona. "Utaweza kulia hivyo hivyo tena jioni? Kuna lile kundi halijafika."

Nimewahi kuchukia watu, lakini si mtu niliyemwogesha kwenye beseni. Nikamwambia, "Mchezo wa Esha upande jukwaani, mzima, mpaka mwisho. Bila hivyo sitoki."

Wakaanza kunibembeleza kwa vitu. Wakanishushia fulana ya tamasha, nikairudisha. Wakanishushia mwavuli wa tamasha, nikaurudisha. Wakanishushia chupa ya maji yenye picha ya ngoma yangu, nayo nikairudisha. Mwisho Chilumba akavua kile kitambulisho chake cha shingoni, kinachofungua kila mlango wa tamasha, akakivua kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Akanitia kiganjani. "Basi shika hiki utoke," akasema. "Wageni wamechoka kusimama." Nikakifumbata.

Nikawa najizoazoa niinuke. Lakini sijui nani amewaambia wageni kwamba huku kwetu mtu akifanya vizuri hupongezwa kwa konzi ya udongo. Wakajipanga mstari, watu wenye heshima zao, kila mmoja anapita, anainama, anatupa konzi yake, anampisha mwenzake. Na wale wa nchi ambazo hazijaundwa wakafungua mabegi, wakasema wamepata mahali.

Udongo ukafika kiunoni, ukafika kifuani. Viti vinalia kwa ustadi wa miaka yote. Nikapaza sauti kwamba bado sijamaliza, mjane bado hajasema neno lake la mwisho. Huko juu nikamsikia Chilumba anazungumza kwa kirefu, maneno yake yakaenda kutafsiriwa, yakarudi yamebaki neno moja.

"Asante."

Nikaamka. Kumekucha, kuku wako nje wanagombana, na mimi niko kwenye mkeka wangu, mkono wa kulia umekunjwa ngumi mpaka unauma.

"Hodi."

Ni Chilumba. Akaanza kueleza huko huko nje ya mlango, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wageni wawili waliolala kitandani kwangu. Alisema amepotelewa na kitambulisho, alilala nacho shingoni na ameamka hana, hajui ataingiaje jukwaani leo. Lakini hilo si lililomleta. Amekuja kwa jambo dogo tu la ratiba. Kuna kundi limechelewa njiani, kwa hiyo sisi tuendelee kwanza na ngoma pale langoni, halafu mchezo wetu, wageni wakishafika wote.

Nikafungua ngumi. Kitambulisho kilikuwa kiganjani mwangu, Chilumba anatabasamu pichani ndani ya plastiki, na kamba imegandiwa na udongo mweusi mbichi. Namtamba hakuna udongo mweusi. Ukichimba popote unakuta mchanga mweupe mtupu.

"Hodi, shangazi."

Karibu ikaja yenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote. Nikaimeza. Gauni la bluu la Esha lilikuwa msumarini, pale nilipolitundika siku tulipogawana nguo zake. Nikalivaa, nikafunga vifungo polepole, nikakitia kitambulisho shingoni juu yake.

Akapiga ya tatu. Mimi nikatokea mlango wa uani, nikashika njia ya jukwaani.