Baba Eliaichi Kashika Maiki

Mume wangu Elibariki ana kigugumizi, na mie sijawahi kukiona kuwa ishu. Kinawasumbua wengine. Watu wa Dar hawana subira. Ukichelewa neno moja wanakudaka mdomoni, wanakumalizia, tena vibaya. Elibariki akianza tu "ch-ch", kashaletewa chai, kumbe alitaka chumvi. Anainywa hivyo hivyo, maskini.

Basi ikafika sendofu, sherehe ya kumuaga binti yetu Eliaichi, anayeolewa na kijana wa Kihaya. Kwetu sie baba ndiye anayemkabidhi binti kwa wakwe, kwa kinywa chake, watu wote wakisikia. Kamati ikakaa sebuleni kwetu hapa Ukonga, mwenyekiti akiwa shemeji yangu Fransis, kaka mkubwa wa Elibariki, mwanaume anayependa maiki kuliko chakula. Akatangaza kwamba atamkabidhi yeye, ili kumsitiri mdogo wake. Kumsitiri! Kana kwamba mtu yuko uchi. Elibariki akainamisha kichwa, akasema sawa.

Eliaichi hakusema sawa. Aliweka chini sinia la vikombe, akawaambia wazee kwa heshima zote kwamba baba yake asipomkabidhi mwenyewe, yeye ukumbini haingii. Namjua mtoto niliyemzaa, hatishii. Fransis akakubali shingo upande.

Kumbe akazunguka nyuma, akamwambia dijei: mzee akikwama, weka muziki.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Wakwe zetu, Mzee Theonest na mkewe Benedicta, wakasimama mbele, Eliaichi pembeni yao. Elibariki akapewa maiki. Alikuwa amejifunza maneno yake wiki kadhaa, chooni, kafungulia bomba ili tusimsikie. Tulikuwa tunamsikia.

"Mimi ni b-baba wa E-e-e..."

Singeli ikalia. Na nyie mnajua sherehe zetu: muziki ukilia katikati ya maneno, watu wanajua ni muda wa kumtunza anayeongea. Mashangazi wakanyanyuka na mikoba yao, wanakata viuno mpaka mbele, mmoja akamviringisha Elibariki khanga shingoni, mwingine akampepea na leso. Wanafurahi wenzenu, wanadhani ndiyo programu. Mume wangu akafumba macho katikati yao, na maiki nikaiona inashuka taratibu.

Nikavua viatu. Nikaenda kwa dijei, nikachomoa waya wa kompyuta yake, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba akiurudisha atavaa spika kichwani. Mashangazi wakakusanya mikoba yao, wakarudi kwenye viti vyao.

Nikasimama karibu na Elibariki. Jina la mwanangu lilikuwa limeshanijaa mdomoni, nimtamkie yaishe. Nikalimeza. Eliaichi alikuja akamshika baba yake mkono, akamtazama usoni, akatulia. Maiki ikapanda tena.

"...E-Eliaichi," akasema Elibariki. Akavuta pumzi. "Huyu, tangu m-mdogo, hajawahi kunimalizia neno. Hata m-moja. Ananisubiri mpaka nifike. Sasa anakuja kwenu. Lugha yenu h-haijui. Ndizi zenu hajui kuzipika. Atawachelewesha. N-naombeni na nyie mumsubiri."

Fransis alikuwa anasoma kadi ya mwaliko kana kwamba hajui sherehe ni ya nani.

Mama Benedicta akamkabidhi mumewe mkoba. Mwanamke mzima, na gauni lake la gharama, akapiga magoti pale sakafuni mbele ya Elibariki, kama wanawake wa kwao wanavyomsalimia mtu wanayemheshimu. Elibariki akababaika, akataka kumwinua, mama wa watu akagoma kuinuka.

"Tutamsubiri, baba," akasema. "Na wewe tunakusubiri. Endelea, hujamaliza."

Akaendelea. Alisimulia Eliaichi alivyozaliwa, alivyoumwa, alivyofundishwa naye kuendesha baiskeli, kila neno kwa muda wake, na ukumbi mzima umetulia tuli. Pilau likapoa. Mie nililia mpaka kope za bandia zikabanduka, na sikuona sababu ya kuziokota.