Mkaguzi Amekaa Kitini

...maana nikiiwasha tu mashine hii, basi, imekwisha, atashuka kwenye kiti na sitamwona tena humu dukani mpaka mwakani, na mama yake yuko pale mlango wa nyuma wa kwendea nyumbani kashika pazia ananiashiria kwa mkono, nyoa, nyoa sasa, unangoja nini, na mimi nimesimama nyuma ya mwanangu, mashine mkononi, imezimwa, kidole kiko kwenye swichi na sithubutu... kinyozi hajinyoi, wateja wananitania kila siku, haya, nimekubali, lakini binti yake je, miaka saba, nywele zimesokotana utadhani hajawahi kuwa na baba, na kesho saa moja asubuhi tunatakiwa shuleni, mwalimu mkuu alisema wazi, nywele fupi kama wenzake, akija na kichwa hicho namrudishia getini, na hii ni shule ya nne, tatu zimeshatukataa, ya kwanza walisema anapiga kelele, ya pili walisema haongei, nikawauliza sasa lipi, anapiga kelele au haongei, mama yake akanifinya nikanyamaza, ya tatu hawakusema kitu, walitufungia dirisha tu.

"Baba, fanya upesi basi," mama yake ananong'ona, nasikia mke wangu, nasikia, na Mzee Breki naye, dereva mstaafu, mteja wangu wa kila wiki ingawa nywele zilizobaki kichwani mwake zinahesabika, kakaa kwenye benchi anangoja zamu na hadithi yake ya lori lililokatika breki mlimani haiishi, "nikaliambia lori, leo ni mimi na wewe," anasema, hajui kwamba hapa mbele yake kidole changu bado kiko kwenye swichi... na mtoto kaingia mwenyewe, hakuitwa, hilo ndilo linalonifunga mikono, kaingia kwa mlango wa nyuma, akaenda kwenye rafu, akazigeuza chupa za spiriti moja moja mpaka zote zikatazama upande mmoja, ndiyo maana wateja walimpa jina la Mkaguzi, zamani, kabla ya ile siku, akamaliza, akapanda kitini, akaweka mikono mapajani kama mteja aliyelipa. Ile siku... nilikuwa na kiburi, niseme ukweli, kiburi cha fundi, mimi nimenyoa vichanga usingizini, nimemnyoa mlevi huku anacheza, mtoto wangu mwenyewe atanishinda, mshike miguu tu, nilisema, dakika mbili namaliza, na mama yake akamshika miguu, na mimi nikambana kichwa kwapani, kwapani jamani, nikamwashia mashine sikioni, na sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama, upande mmoja ukabaki mweupe, upande mwingine nywele, akachoropoka akaingia chini ya kitanda, na tangu hapo mwaka mzima hakugusa mkono wangu, nikimpa kikombe anangoja nikiweke mezani ndipo akichukue, nikanawa kwa limau nikidhani ni harufu ya dukani, nikabadilisha sabuni, si harufu, mjinga wewe, ni mikono yenyewe. Na daktari alikuwa ameshatuambia! Usonji, alisema, sauti ndogo kwako kwake ni kubwa mno, na mimi naitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, halafu nikarudi dukani nikamwashia mashine sikioni, kusikia nilisikia, kuelewa sikuelewa.

Wala si kwamba haongei, waongo wakubwa wale, anaongea maneno ya humu dukani, yanapita ukutani yanamfikia, akitaka kuongezewa chakula anasukuma sahani anasema "anayefuata!", sauti yangu kabisa, na siku moja alipokataa kuoga alimwambia mama yake "leo tumefunga, njoo kesho," mama yake alicheka mpaka akakaa chini na beseni lake, na mimi nilicheka halafu nikatoka nje kulia, maana kumbe siku zote ananisikiliza, na mimi jana yake tu nilikuwa nimempigia simu mama yangu kulalamika, mama, huyu mtoto hanijui, hanitazami, hata mara moja... na kweli hatazami, ukimwinamia anatazama sikio lako, kola yako, ukuta ulio nyuma yako, miaka saba...

"Fundi, umelala?" Mzee Breki huyo, "au na mashine nayo imekatika breki?" anacheka peke yake, nainua macho nimjibu kwenye kioo, ndivyo tunavyoongea sisi vinyozi, mtu kakupa kisogo unaongea na kioo, lakini macho yangu hayafiki kwenye benchi, yanakwama njiani, kuna macho mengine mle kiooni yananitazama. Yake. Yananitazama mimi, sawasawa, wala hayakimbii... lo, ni meusi kuliko nilivyodhani, na kope ni za mama yangu, miaka saba sikujua kwamba ana kope za mama yangu... kumbe, kumbe labda si kwamba hakutaka, labda uso wa mtu ukimjia karibu unamzidi kama sauti ya mashine, na humo kiooni nimekuwa mpole kidogo, natazamika, na mimi niliyetazamana na mji mzima kwenye kioo hiki, mwanangu sikuwahi kumpa kiti, nilimnyolea sakafuni, nimembana. Anaanza na paji la uso, anashuka kwenye pua, ndevu, anarudi machoni, ananikagua, kagua mama, kagua baba yako.

"Ametulia, anza!" anasema mama yake, na simlaumu, sare kaipiga pasi tangu jana, jina kalishona kwenye sweta kwa uzi mwekundu, na ile miguu aliishika yeye, hajawahi kunitajia lakini najua analia bafuni bomba likiwa wazi ili nisisikie, anaitaka shule, naitaka na mimi, nikinyoa kesho mtoto anaingia darasani, nisiponyoa tunarudishwa... na nikiwasha mashine, macho haya yanaondoka. Hapana. Hapana, tutakwenda na kichwa hikihiki, nitamwambia mwalimu mkuu, mwalimu, nusu ya vichwa vya shule yako vinanyolewa na mimi, navijua kimoja kimoja, hiki bado hakijawa tayari, ni mimi fundi ninayesema, akitufungia geti tutakaa nje ya geti, keshokutwa tutakuwa pale tena, aibu yangu niliimaliza ile siku, na mke wangu atakasirika, atasema nimeshindwa, kunyoa kichwa kimoja tu nimeshindwa, nami nitamwambia sikushindwa, safari hii nimekataa, lakini kwanza njoo, mke wangu, acha pazia, njoo polepole usimame hapa nilipo mimi, usimwinamie, usimwite, tazama kioo tu umngoje, atafika na kwako.