Mkamwana Ulingoni

...na spika nayo imechagua kufa leo, harusi zote za Iringa imezipigia kelele bila kuugua, leo ambapo Veneranda kasimama katikati ya ulingo, refa kamshika mkono wa kulia, upande wa pili kamshika Hanifa wa Ipogolo wa kushoto, uamuzi wa majaji uko tayari, mkanda wa taifa wa uzito wa unyoya umelazwa mezani unang'aa, ndipo spika inakata, mshereheshaji anaigonga, halo, halo, kimya, watu wanamzomea, sema kwa mdomo bwana, naye hataki, ati tunarusha mubashara, subirini fundi, haya, tusubiri fundi, mtu kapigana raundi kumi halafu asubiri fundi... jicho la kushoto linaziba polepole, mdomoni chumvi, mbavu zinauma kila akivuta pumzi, lakini magoti yako imara, magoti ya Kilolo haya, yamepanda vilima na ndoo kichwani tangu utotoni, nimeshinda, anajiambia, ile raundi ya tano nilimkalisha chini akahesabiwa, ukumbi mzima uliona, lakini ya pili na ya tatu huyu binti alinitandika, tusidanganyane, na hapa ni kwao, majaji nao ni watu, na wasiponipa... Wasipompa, ngumi basi. Ndivyo alivyoambiwa, na aliyeleta maneno ni shemeji Bartholomeo, kaka mkubwa wa mumewe Gwakisa, kaja Mbeya kutoka Tukuyu na koti lake zito, hata chai hakumaliza, "Shemeji, wazee tumekaa. Ukipigwa huko Iringa unavua glovu, unatulia nyumbani. Ukoo umechoka kusemwa," wazee gani hakusema, lakini mzee wa mji ule ni mmoja tu, baba mkwe, mzee Ambokile, na huyo Veneranda hawezi kumwuliza, angemwulizaje, kwa Wanyakyusa mkamwana hamwangalii baba wa mumewe, wala baba hamwangalii mkamwana, hawakai chumba kimoja, hawaongei, wakikutana njiani mwanamke anajifunika anaingia shambani mpaka mzee apite, yeye Mhehe alicheka siku anafundishwa, mama mkwe hakucheka, basi akajifunza, na miaka yote ya ndoa uso wa mzee haujui, anajua kikohozi chake nyuma ya ukuta na kengele ya baiskeli yake... ile kengele! Walikwenda kusalimia, asubuhi yeye kaamka kukimbia barabara ya mashamba ya chai, kaptula tu na fulana, anakata kona, krin krin, mama yangu, akajirusha kwenye chai kichwa kichwa kama kuku aliyeona mwewe, goti likachanika, jioni Bartholomeo akaleta ujumbe, mzee anauliza huyo mtoto wa watu alikuwa anafukuzwa na nani, akausema na uso wa mtu aliyelamba ndimu, na Veneranda akajua, mzee hataki, mzee anaona aibu, kapata mkamwana mpigana ngumi...

"Dada, simama wima, kamera," refa ananong'ona, haya, wima, si amesimama wima tangu saa ile, "Kamwene, Vene!" wanamsalimu kwa Kihehe wa Kilolo kule nyuma, "kamwene!" wanaitikiana wenyewe kwa wenyewe, na kwenye kona yake kocha Faraji kajitundika taulo shingoni, midomo inacheza, anasoma dua, Faraji wa mitumba pale Mwanjelwa, aliyemwona akibeba viazi sokoni akasema wewe binti mabega hayo unayapotezea kwenye viazi, akamtundikia gunia nyuma ya duka, kalijaza masweta yaliyokosa mnunuzi, piga hapo, akapiga, kesho yake akarudi akapiga tena, Songea akapigwa, akalia njia nzima, Makambako akapiga, Tunduma akapiga, aliyekuja kutoka Dodoma na kelele nyingi akamlaza usingizi kabla watu hawajakaa vizuri, na uzito, Mungu wangu, uzito wa unyoya wanauita, waje wauone huo unyoya unavyotafutwa, kukimbia Uyole kwenye ukungu na masweta mawili na mfuko wa nailoni ndani, kutema mate kwenye kopo siku ya kupima, na mama mkwe analeta ndizi, mbalaga kamili, zimepikwa na nyama, zinanukia nyumba nzima, na mtu anazikataa kwa adabu huku tumbo linamtukana... yote hayo yaishie kwa Bartholomeo na koti lake? Sali, Faraji, sali baba, sali na ya kwangu... fundi kafika, anafuata waya, anafika mahali anakuna kichwa, anarudi alikotoka, na yule naye ni nani?

Yule pale, safu ya kwanza, watu wote wameelekea ulingoni, yeye peke yake kageuza kiti kaelekea ukutani, mgongo mpana, kofia ya sufu, fimbo katikati ya magoti, mlevi huyo, au kakasirika, mtu analipa kiingilio aje kutazama ukuta, Veneranda anataka kucheka mbavu zinamkataza, halafu anamwona aliyekaa pembeni ya mgongo ule, ni Gwakisa, mumewe, mdomo kauweka sikioni kwa mzee, mikono yote miwili inarusha ngumi hewani, anasimulia, na mzee anakohoa... Loo! Anakijua kile kikohozi, mwili unakijua kabla yake, shingo inajikunja yenyewe, mkono wa kushoto unatafuta kanga ambayo haipo, mabega wazi, mapaja wazi, shamba liko wapi, mtu aingie wapi hapa, kamba pande zote nne, anaficha uso begani, anavuta mkono, refa kaung'ang'ania, "Vipi wewe, unakimbia mkanda?" na Faraji kutoka kwenye kona anapaza sauti, "Tulia, mwanangu! Mzee kakaa hivyo tangu kengele ya kwanza! Tumemwambia geuka, mzee wangu, hataki! Wallahi sijaona!" Tangu kengele ya kwanza. Raundi kumi. Ile ya tano ukumbi uliporuka juu, hakugeuka... anainua uso kidogo, mgongo uko pale pale, wenyewe haujali vicheko wala kelele, na polepole, kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, inamjia, kumbe, kumbe hakuja kununa, mwenye kununa angebaki Tukuyu na migomba yake, huyu kapanda basi kutoka kule mpaka Iringa aje kusikiliza, na heshima yote, ile ambayo siku zote mwenye kukimbilia porini kuitunza ni mwanamke, leo kaibeba yeye, kageuka yeye, ili mkamwana abaki na mikono yake miwili huru, na simu zile, jamani, kila baada ya pambano Gwakisa anatoka nje na simu, Kinyakyusa kirefu, naye ndani anajua mume wangu anamwomba baba yake msamaha, kumbe alikuwa anamsimulia, na hakusema, angesemaje, mzee kama yule hataki isikike kwamba anamtaja mkamwana kila mara... machozi hayo, yanaingia kwenye kidonda, yanachoma, acha yachome. "Vene!" Ni Gwakisa, kasimama juu ya kiti, sauti imemkauka, "Baba anauliza, ile ya raundi ya tano ulipiga mkono gani? Mimi nasema wa kulia!" Ukumbi unaangua kicheko, Hanifa mwenyewe anacheka na mdomo wake uliovimba, anasema taratibu, "Mwambie wa kushoto, mimi ndiye niliyeupokea," na Veneranda anapata sauti, hamjibu mzee, mila ni mila, anamjibu mumewe, "Mwambie wa kushoto!" na ule mgongo unatikisika, kiganja kinalipiga paja, paa! "Gwe! Nilisema!" Sauti hiyo, nene, ya mtu mwenye furaha, hajawahi kuisikia ikifurahi, na mzee anainama, anamvuta mwanawe shati, anamwambia neno, anamwambia jingine, Gwakisa anapanda tena kitini, "Baba anasema maneno ya Bartholomeo ni ya Bartholomeo! Hakuna aliyekaa kikao! Anasema Jumatatu mazoezi, wakikupa, wasipokupa!"

Wakikupa, wasipokupa... mbavu bado zinauma, jicho sasa limeziba kabisa, mkanda uko mezani pale pale, haujasogea, majaji wameinamisha vichwa, na yeye Veneranda wa Kilolo, mke wa watu Tukuyu, anahisi mabega yanashuka mahali pake, pumzi inaingia mpaka chini, Jumatatu, gunia la masweta, Faraji na kelele zake, ukungu wa Uyole, vyote vyake, hakuna wa kumvua glovu, hata Hanifa anampenda ghafla, njoo tena dada, tupigane tena na tena, mkanda wampe leo, la sivyo mwakani atakuja kuuchukua kwa mikono hii, furaha inampanda kifuani mpaka anacheka peke yake mbele ya watu wote, fundi kalala kifudifudi chini ya meza, kaunga waya, cheche zimeruka, kimya tena, mshereheshaji anafuta jasho, watu wanapiga miluzi, na refa, mkono wake wenyewe umeshachoka kushika mikono ya watu, anamwinamia, "Samahani, dada, vumilia kidogo tu."

"Chukueni muda wenu, kaka," anasema Veneranda. "Mimi sina haraka."